Mwaka Tulipohamishia Mlima Ujerumani

Tulimzika Mzee Makori Alhamisi moja ya mvua, kwenye kipande cha ardhi kilichobaki kati ya chai na jiko. Watu walipoanza kutawanyika tulijikuta watatu tumeegemea ukuta wa nyuma ya nyumba, sahani za wali mikononi: mimi, Mose mwana wa marehemu, na Ochieng, aliyekuwa amesafiri tangu alfajiri kutoka upande wa ziwa alikorudi kufungua duka la simu. Ochieng amenenepa, ndevu zake zimeingia mvi. Alikula kimya mpaka sahani ikabaki nyeupe, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa, "Ile nchi yetu, bado ipo?" Mose akasema ipo. "Na nani huingia?" "Siku hizi ni kama hakuna. Lakini mimi nani wa kuizima?" Tukacheka kidogo, vile watu wanavyocheka matangani, na mimi nikageuza uso nikaangalia chai, kwa sababu mashine ni kazi yangu, nimezilea na kuzizima nyingi bila kujali, lakini hiyo moja nami nisingeweza kuizima.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ulimwengu wangu ulikuwa chumba kimoja cha saiba pale Keroka, orofani, juu ya duka la pembejeo. Kila kitu chumbani kilinuka mbolea na dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata karatasi. Tulikuwa na kompyuta nne na printa moja iliyohitaji kupigwa kofi ubavuni. Wateja waliniletea barua za kuomba kazi, fomu za serikali, na zaidi ya yote ratiba za mazishi, ambazo nilizipanga kwa uangalifu hadi nikawajua marehemu wa pande zote mbili za barabara, maana Keroka ni mji uliokatwa katikati: ukivuka lami umetoka Kisii umeingia Nyamira. Mwenye saiba alikuwa Mama Brenda, Msabato wa kweli. Ijumaa jua likianza kushuka alipanda ngazi mwenyewe kuhakikisha kila kitu kimezimwa, na hakuna kilichowashwa tena mpaka Jumapili. Jumapili wateja walikuwa wachache, kwa hiyo alituruhusu tucheze baada ya saa sita, mradi tufagie.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kujenga. Unapewa nchi tupu yenye milima, miti na maji, unachimba, unapanga matofali, unapanda. Wachezaji tulikuwa watatu: Mose, aliyekuwa akichuma chai asubuhi na kushuka mjini mchana, Ochieng, aliyekuwa na meza ya kutengeneza simu pale chini mlangoni, na mimi. Kompyuta namba moja ndiyo ilikuwa seva, neno kubwa kwa kitu rahisi: mashine moja inaishika ile nchi tumboni mwake, na hizo nyingine zinaingia kama wageni wanaokuja nyumba moja. Ukiizima, nchi inalala. Ochieng alianza kwa kuchimba ziwa, akisema hawezi kuishi mahali ambapo samaki anakuja akiwa amekaushwa. Mose alijenga mlima wa kwao. Si mlima ulivyokuwa siku hizo, uliokatwakatwa kwa nyua na chai mpaka mtu akikohoa jirani anamwambia pole. Alijenga mlima aliousikia kwa wazee, kabla haujagawanywa: malisho juu, kisima chini, na nyumba ya bibi yake katikati.

Mzee Makori alitujia Jumapili moja kwa hasira. Chai ilikuwa imeiva, mwanawe hayupo. Nilisikia bakora yake kwenye ngazi kabla sijamwona. Aliingia na koti refu la mitumba kutoka soko la Daraja Mbili, akasimama nyuma ya Mose, akafungua mdomo kumkaripia, halafu hakumkaripia. Tulizoea kuongea Kiswahili chumbani kwa ajili ya Ochieng, na mzee kwa adabu yake akatufuata.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kwetu, tata," Mose akamjibu baba yake.

"Kwetu gani? Nyumba ya mama yangu haikuangalia huko. Mlango ulitazama kisima."

Mose akaugeuza mlango. Mzee akavuta kiti. Ghala la wimbi sogeza. Njia ya kisimani ipinde hapa, kulikuwa na jiwe. Hapana, jiwe kubwa zaidi, ng'ombe alilizunguka. Saa nzima ilipita hivyo, na ile chai ikasahaulika shambani. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau. Alinyoosha kidole kuelekea ukingo wa kioo, mahali mlima ulipoishia kwenye ukungu, akauliza, "Huko mbele ni shamba la nani?" Mose akamwambia si la mtu. Ukitembea, linaongezeka. "Linaongezeka?" "Ndiyo, tata. Haliishi." Mzee Makori, aliyegawia wana wanne ekari mbili na kubaki na sehemu ya kujengea jiko, alisogeza kiti mbele. Halafu akasema, "Tembea." Mose akatembea. Vilima vikaja, mito ikaja, misitu ambayo hakuna mkono uliowahi kuigusa ikaja, na kila Mose alipotaka kugeuka mzee alisema, "Endelea." Niliacha kazi yangu nikasimama nyuma yao. Nimewahi kuona watu wakiomba kanisani bila kuonyesha uso kama ule.

Habari zilipanda mlimani haraka kuliko mzee mwenyewe. Wiki mbili baadaye akaja mdogo wake, Mzee Ondieki, mfupi, mwenye sauti kali, kofia ya pama kichwani. Ndugu hawa hawakuwa wamesalimiana miaka sita kwa sababu ya mpaka, hatua nane hivi za ardhi. "Nimesikia Makori amekuja kuandikisha mpaka kwenye kompyuta," aliniambia kabla ya kuketi. "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Alitafuta mpaka kwa macho, huku na huku, na hakuuona, kwa kuwa katika siku zile ambazo Mose alizijenga mpaka haukuwapo. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, sasa hayana pa kukaa. Mwisho akasema tu, kwa ukali uleule, "Ghala la wimbi limekaa vibaya," na Mose akalisogeza tena.

Basi ikawa hivyo miezi kadhaa. Jumapili hii mmoja, Jumapili ile mwingine, kila mmoja akiondoa alichoweka mwenzake. Ghala lile lilihama zaidi ya mara kumi. Mimi niliwapikia chai ya maziwa kwenye jiko la mafuta kibarazani, Ochieng akaleta ndizi za kuchoma kutoka stendi, na kupitia midomo yao nikajua mambo ambayo hata Mose hakuyajua: kwamba mama yao aliwaimbia ndama, kwamba Ondieki alipokuwa mdogo alitumbukia kisimani na Makori ndiye aliyemtoa. Hilo la kisima nilisikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna aliyeniuliza kama mwenzake amewahi kulisimulia.

Radi za kwetu hazibishi hodi. Zinakuja saa tisa mchana, baada ya jua kali, na mtu wa Kisii anajua kuchomoa nyaya akiona wingu limegeuka rangi. Siku hiyo nilikuwa chini kwenye duka la pembejeo naulizia chenji. Mlio ulikuja pamoja na mwanga, kitu kimoja, na mwenye duka akakaa chini bila kutaka. Nilipanda ngazi mbio. Chumba kilikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Kompyuta tatu zilikuwa nzima. Namba moja ilikuwa ikitoa moshi mwembamba mweupe, na ukuta nyuma yake umeandikwa mstari mweusi.

Mama Brenda alifunga mikono kifuani, akamshukuru Mungu kwamba sikuwa nimeketi pale. Mimi sikuweza kushukuru. Mose alipofika aliishika ile mashine kichwani, kama unavyopima homa ya mtoto. Jumapili ilikuwa zamu ya Mzee Makori. Alisikiliza maelezo mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo hata ile imekwisha?" Akashuka ngazi polepole, na bakora haikusikika.

Ochieng aliichukua mashine mezani kwake. Siku tatu simu za watu zilimngoja. Ubao wa ndani wa mashine ulikuwa umeungua, hata chuma kimoja kilikuwa kimeyeyuka kikawa kama chozi, lakini akaitoa diski, akaifunga kwenye kompyuta namba mbili, akaniita. "Moraa, njoo. Usiguse kitu, njoo tu uone." Folda ilikuwa pale. Nchi yetu yote, kutoka ziwa lake hadi misitu ile isiyo na mwenyewe, ilikuwa mstari mmoja wa maandishi kwenye kioo, na ilikuwa imepona.

Aliyetuambia la kufanya alikuwa Kwamboka, binti wa Mzee Ondieki. Alikuwa Arabuni mwaka wa pili, akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Aliondoka baba yake akiwa amekataa, na tangu siku hiyo mzee hakupokea simu yake hata moja. Salamu alizipitishia kwa Mose. Mose alipomwandikia kuhusu radi, akajibu kwamba mwenzake wa kazi, kijana wa Ufilipino, anacheza gemu na marafiki waliotawanyika nchi tano, na seva yao haiko kwa mtu yeyote. Wamekodi. Kuna majumba, aliandika, yaliyojaa kompyuta zisizozimwa mwaka mzima, na unaweza kukodi kipande kidogo cha moja, kidogo kabisa, bei ya chai na mandazi mkichanga. "Na mkifanya hivyo," akaongeza, "hata mimi nitaingia."

Tulikaa watatu mbele ya kioo kimoja Jumatatu mchana. Kulikuwa na za bure, na Mose alizitaka, mpaka Ochieng aliposoma maandishi madogo: ukikaa siku kadhaa bila kuingia, wanafuta. Tukaziacha. Kulikuwa na kubwa za watu wenye kampuni. Sisi tukachukua ya chini kabisa kwenye orodha, yenye kumbukumbu ya kuwatosha wachezaji wanne. Wa tano akiingia, Ochieng alisema, wote mtatembea kama mmebeba magunia. Halafu ukurasa ukatuuliza tunataka iwe jiji gani. Nilisoma yale majina kwa sauti. Mimi, ambaye safari yangu ndefu ilikuwa Nakuru, naulizwa nichague jiji duniani kana kwamba nachagua nyanya. Ochieng alipima kila moja kwa muda ambao ujumbe unachukua kwenda na kurudi, na Ujerumani ikashinda. Alikuwa na kadi ya kulipia mtandaoni aliyoitumia kuagiza vioo vya simu, akalipia. Dakika moja baadaye dirisha jeusi likafunguka, na kwenye weusi ule mstari mmoja mweupe ukitetemeka, ukingoja.

"Andika kitu," Ochieng akasema.

Niliandika amri fupi ya kuiuliza saa. Ikajibu. Saa ya kwao, nyuma ya yetu. Ni jambo dogo, na leo nalifanya mara hamsini kwa siku, lakini siku hiyo niliondoa mikono kwenye kibodi kama niliyegusa moto. Kitu nisichokiona, kwenye jengo nisilolijua, chini ya anga lenye saa nyingine, kilikuwa kimenisikia mimi, juu ya duka la mbolea pale Keroka, na kilikuwa kimejibu kabla sijapepesa macho.

Kuupeleka mlima huko ilikuwa kazi nyingine. Mtandao wetu ulikuwa mwembamba, na kila faili lilipofika katikati ulikatika. Ochieng akanifundisha kulikata vipande, nikavituma kimoja kimoja kati ya mteja na mteja: kipande, barua ya kazi, kipande, ratiba ya mazishi. Jumatano saa nne asubuhi vilikuwa vimebaki viwili, na stima ikapotea. Si kwetu tu; Keroka nzima, na aliyetoka Masimba akasema huko pia. Feni za kinyozi zikasimama, posho mill ya kusaga unga ikanyamaza, mji ukawa na ule ukimya ambapo unasikia kuku. Nilikaa nikitazama kioo changu kilichokufa. Ndipo nikakumbuka kujaribu kwa simu. Nikaiuliza ile mashine ya Ujerumani kama ipo. Ipo. Vipande vyetu vyote vilivyofika, vipo. Nilishuka ngazi nikamwonyesha Ochieng bila kusema neno, naye akatoka nje hadi barabarani, akatazama mji mzima usio na stima, akatazama simu, akasema, "Manze. Sisi tumezimika, yenyewe haijui hata."

Mama Brenda hakupendezwa mara moja. Ijumaa alipopanda kuzima, alisimama kizingitini. "Na hiyo ya ng'ambo, nayo Sabato inafanya kazi?"

"Ndiyo, mama. Haizimwi."

Alifikiri. Nilimwona akipima kitu kizito. "Ya kwangu imezimwa," akasema mwishowe. "Hiyo ina mwenyewe. Atajibu yeye." Akafunga mlango, lakini kwenye ngazi akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli haichoki.

Jumapili hiyo Mose aliwaambia wazee wote wawili waje, na hakumwambia yeyote kuhusu mwenzake. Nilimlaumu kwa hilo wakati ule na bado sijui kama nilikosea. Mzee Makori alikuwa ameshaketi Mzee Ondieki alipoingia. Hawakusalimiana. Ondieki alichukua kiti akakiweka ukutani, mbali kiasi cha hatua nane, nikafikiri. Tukaingia. Mlima ukafunguka ulivyokuwa, mlango unatazama kisima, na ghala la wimbi mahali radi ilipolikuta. Mzee Makori alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Halafu kwenye kona ya kioo yakatokea maandishi kwamba kuna mwingine ameingia, na kutoka chini, upande wa ziwa, akaja mtu mdogo wa matofali mwenye nguo nyekundu, akitembea kwa kusitasita.

"Huyo ni nani?" Makori akauliza.

"Ni Kwamboka," Mose akasema. "Yuko kazini kwake, amepewa mapumziko. Anatembea kutoka huko aliko."

Nyuma yetu kiti kilikwaruza sakafu. Mzee Ondieki alikuja mpaka akasimama begani kwangu. Nilihisi joto la pumzi yake. Yule mtu mdogo alifika kwenye jiwe akakwama, hajui azunguke upande gani, na Mzee Makori akaanza kusema, "Mwambieni apite kushoto," na ndugu yake akamkatiza, "Kushoto kuna matope. Kulia." "Wewe ulipita kulia ndiyo maana ulianguka kisimani!" "Na wewe ulikuwa wapi, si ulikuwa unanisukuma?" Walikuwa wakipigana maneno, wazee wawili, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, na mimi naandika kulia, nafuta, naandika kushoto, huku Ochieng amejifunika uso kwa kofia yake akicheka. Sitaki kudanganya: hawakupatana. Mpaka ule ulikwenda kwa chifu mwaka uliofuata na ukarudi vilevile, na Mzee Ondieki alikufa miaka minne iliyopita bila kukanyaga ua wa kaka yake. Lakini siku hiyo walimwongoza msichana yule pamoja mpaka mlangoni kwa mama yao, na alipofika walinyamaza pamoja.

"Mwambie asimame hapo," Mzee Ondieki akaniambia. Nikaandika. Kwamboka akasimama. Baba yake aliinama akamtazama, yale matofali machache mekundu, muda mrefu, kama anayetafuta sura ndani yake. "Ananisikia?"

"Hakusikii, mzee. Anasoma ninachoandika."

"Andika nimemwona."

"Niseme nani?"

"Yeye anajua ni nani."

Niliandika: *Nimekuona.* Yule mtu mdogo akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena, ndiyo salamu pekee ambayo gemu ile ilijua, na Mzee Ondieki akavua kofia yake.

Jumapili iliyofuata alikuja peke yake, mapema, hata chai haijachemka. Nilimwambia kwa upole kwamba Kwamboka hayupo, yuko zamu, na Mose amebaki shambani akichuma chai. "Najua," akasema. "Nifungulie tu. Nimekuja kuona alipopita." Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba nchi ile haiweki alama za nyayo. Nikamfungulia, nikatembea kutoka ziwani kuelekea kwenye jiwe, na pale nikasimama mwenyewe. Kando ya njia kulikuwa na ua jekundu. Mbele yake lingine, na lingine, moja kila baada ya hatua tano, yakipanda mlima upande wa kulia wa jiwe. Hakuna kati yetu aliyekuwepo yalipopandwa. Kwamboka aliingia usiku mmoja katikati ya wiki, sisi tumelala, saiba imefungwa, na ile mashine ya mbali ikamfungulia na kukaa macho naye mpaka alipomaliza. Mzee Ondieki alisogeza kiti karibu na kioo. "Pole pole," akaniambia, "usiruke hata moja."